Mti wa Dereva

Jumanne, 3 Juni

Leo, saa tano kasorobo asubuhi, nimempoteza Dereva mara ya pili. Mara ya kwanza ilikuwa hospitali, miaka sita iliyopita. Leo ilikuwa mezani, chini ya hadubini, na aliyeniambia pole alikuwa ameshika kibano.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kinawaka.

Kipimo kaniita. Sasa ndiye mkuu wa hifadhi ya mimea mikavu, ana ofisi yenye zulia, lakini kwangu ni Kipimo tu. Nilimpa jina hilo mwaka wake wa kwanza, alipokuja na rula mfukoni akawa anapima mpaka biskuti. "Shikamoo Mama. Ukipata nafasi, pita uone kitu." Nimestaafu, nafasi ninayo tele. Nikavaa viatu vizuri.

Nikamkuta ameiweka 1147 mezani. Mmea wetu! Namba 1147 katika namba zangu za kukusanyia: mti mpya kabisa, niliuandikia maelezo mwenyewe, nikaupa jina la mume wangu likatiwa mkia wa Kilatini. Karatasi moja tu duniani. Karatasi ile ndiyo shahidi wa jina. Anayetaka kujua mti wa Dereva ni upi, sharti aitazame ile.

"Angalia kikonyo cha ua, Mama."

Nikaangalia. Hakijashikana na kijiti popote. Kimelala kando yake, kimeshonwa kwa uzi kama kifungo. Vinyweleo vya majani vimenyooka. Vya ua ni vinyota vidogo vidogo. Nikabadilisha lenzi. Nikafuta miwani. Vinyota.

Ni mimea miwili! Majani na matunda ni ya mti. Maua ni ya mtambaa uliokuwa umeukumbatia mti huo huko juu, ndugu yake wa ukoo uleule — ndiyo maana hakuna aliyeshtuka miaka yote hii. Na mtambaa ule una jina tayari. Ulipewa kabla mama yangu hajazaliwa.

Kisha Kipimo akatoa karatasi ya pili. Wanafunzi wake walikwenda bondeni mwezi uliopita, wakaukuta mti wenyewe umechanua. Maua madogo, meupe, yasiyo na makuu. Si yale mekundu.

Nikasema, "Aha." Nikaomba maji ya kunywa.

Jumatano, 4 Juni

Sitaki kulia. Nataka kukumbuka sawasawa. Ni vitu viwili tofauti.

Ilikuwa siku ya tatu ya mvua. Gari limezama kwenye tope hadi ekseli. Dereva wakati huo hakuwa mume wangu, alikuwa dereva tu, wa kuazimwa kutoka idara nyingine, na alikuwa kanuna kwa sababu viatu vyake vilikuwa vipya. Mimi nimesimama chini ya mti nisioujua. Miti ya bonde lile nilikuwa naijua kama mtu anavyojua majirani wa mtaani, yupi mkarimu, yupi ana miba. Huu sikuwahi kuuona. Matunda yana mbavu tano, kama vijitaa. Kingoe changu, ufito wenye kulabu wa kuangulia matawi, kilifika mita sita. Tawi la kwanza lilikuwa mita tisa.

"Dada, kwani unataka nini huko juu?"

"Kila kitu."

Kavua viatu, kavipanga kwenye bodi ya gari visilowe, kapanda. Sijaona tena mtu mzima akipanda vile, na mluzi anapiga! Mimi nikageuza mwavuli juu chini ukawa beseni, nikawa nadaka. Kikaanguka kijiti cha majani. Tunda. Tunda tena. Halafu maua mekundu, kishada kizima, yakatua katikati ya mwavuli bila kupoteza hata petali moja. Nikapiga vigelegele peke yangu msituni.

Kutoka chini huoni kitu, mvua iko machoni. Kinachoanguka kutoka mti mmoja ni cha mti mmoja. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi sote. Aliyenifundisha alikusanya hivyo, na aliyemfundisha yeye pia. Leo nasikia wale wanafunzi wanasema ni "makosa ya kizamani". Kizamani! Wao wanarusha kindege chenye kamera, kinawaletea picha wakiwa wamekaa, wanatafuna karanga.

Jioni, nyumba ya wageni, chumba changu, mlango wazi kwa sababu ya heshima. Mimea hukaushwa ndani ya magazeti, na magazeti yakilowa lazima yabadilishwe kila jioni, ukikosa siku moja ukungu umeshaingia. Dereva akajitolea kusaidia. Yalikuwa magazeti ya mwaka juzi, tuliyapata kwa kilo. Akawa anasoma kila habari kana kwamba imetokea leo. "Jamani, waziri kajiuzulu!" "Tumefungwa tatu bila!" — na anahuzunika kweli, anashika kichwa. Akafika kwenye tangazo la nyumba ya kupanga, vyumba viwili na jiko. "Tuichukue?"

Nikacheka mpaka nikaangusha kibano.

Siku ya nne akaniuliza tena. Safari hiyo hakuwa na gazeti mkononi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda tena. Mlinzi wa getini: "Bibi Majani! Umerudi kazini?" Nimemjibu sikuwahi kuondoka.

Sheria ya majina naijua bila kufungua kitabu. Shahidi akiwa na mimea miwili kwenye karatasi, jina haligawanywi. Linabaki na kipande kimoja. Anayechapisha uchaguzi kwanza ndiye aliyeamua, na dunia nzima inafuata. Na mwenye kuchapisha ni Kipimo. Kitabu chake kinachoupitia upya ukoo mzima kipo kwenye masahihisho ya mwisho, kinaondoka kwenda kwa mchapaji Ijumaa ijayo saa sita mchana. Mimi nikikaa kuandika leo, nitachapishwa mwakani.

Haya, tupige hesabu.

Jina likibaki na majani: mti wa Dereva upo, umesimama bondeni kwa miguu yake, tena sasa hata maua yake tumeyajua. Jina likibaki na ua: linaangukia mtambaa ambao una jina la zamani, na la zamani ndilo lenye haki. La Dereva linakufa. Na halifufuki — jina likishatumika ndani ya ukoo, hairuhusiwi kuupa mmea mwingine wa ukoo huo. Hata Kipimo akitaka, hawezi kulichukua akaupa mti. Limezikwa, basi.

Halafu mti unabaki hauna jina. Nani ataupa? Mwenye kalamu. Na jina la aliyeandika maelezo hukaa nyuma ya jina la mmea daima dumu. Leo langu ndilo linalokaa pale. Kesho lake!

Sitaki kumfikiria vibaya. Nimemfikiria vibaya njia nzima ya kurudi nyumbani.

Nimeyasoma maelezo yangu ya mwanzo kwa kidole. Mistari ishirini na mitatu. Ya maua tisa. Ya majani na matunda kumi na minne. Na pale ninapoeleza mti huu unatofautiana vipi na ndugu zake, nimesema: kwa tunda lenye mbavu tano. Tunda! Sikusema ua. Nimemwekea mezani. Kasoma, katikisa kichwa polepole kama daktari mwenye majibu mabaya.

"Lakini Mama, mchoro wa ukurasa wa kwanza ni ua. Kila aliyetaja jina hili baada yako alikuwa anazungumzia ua jekundu. Watu wameuzoea hivyo."

Ana hoja. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mjinga ningemshinda kwa dakika tano. Nilimfundisha mimi.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo bado nafikiria, Mama."

Anafikiria! Mimi niliingia jengo lile na kidato cha pili, kazi yangu kubandika mimea kwenye karatasi, nanuka gundi mpaka kwenye ndoto. Mitihani nimeifanya kwa posta. Shahada nimeipata nina watoto wawili na deni la sare zao. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Katika yote niliyoyafanya pale, moja tu nililifanya kwa ajili ya moyo wangu, nalo ni 1147. Sasa linafikiriwa.

Jumapili, 8 Juni

Shemeji kaja kurekebisha bomba la jikoni. Mdogo wake Dereva, fundi wa magari, na bomba analikaripia kama gari. Nimemweleza yote wakati yuko chini ya sinki, miguu tu inaonekana.

"Kwa hiyo, shemeji, kaka atapona akiwa ua au akiwa jani?"

"Jani."

"Afadhali. Ua lisingemfaa, na lile tumbo."

Tumecheka. Halafu kanikumbusha jambo ambalo nilikuwa nimelisahau kabisa! Ukurasa uliochapisha jina lake Dereva aliukata, akaukunja, akauweka juu ya kioo cha mbele, nyuma ya kizuia jua. Siku niliyomwonyesha mara ya kwanza alikuwa amelalamika: "Mti? Si wangenipa gari." Lakini trafiki akimsimamisha anautoa ule badala ya leseni. "Afande, soma mwenyewe. Mimi ni mti." Mara moja ilimsaidia. Mara moja ilimlaza kituoni hadi nikaenda na maelezo.

Shemeji akatoka chini ya sinki, anafuta mikono. Kaniangalia.

"Na huo mti, unajua?"

"Unajua nini?"

"Kwamba unaitwa kaka."

Nikageuka kuliangalia bomba.

"Basi mti hauna shida. Mwenye shida ni wewe."

Nimemwambia bomba bado linavuja. Halikuwa linavuja.

Jumatatu, 9 Juni

Kimya. Simu haijalia. Nimefagia mpaka chini ya kabati.

Dereva alikuwa akirudi safari anauliza kwanza: "Mti wangu haujambo?" Kabla ya watoto! Namjibu haujambo, unakusalimu. Nyumba hii ilikuwa na kelele. Sasa nasikia friji ikivuta pumzi.

Jumatano, 11 Juni

Kipimo kaja nyumbani. Kavua viatu mlangoni, kaleta machungwa. Kakaa kwenye kiti cha Dereva bila kujua, sikumhamisha. Nimemtengea chai. Kazunguka mbuyu robo saa nzima: joto, magoti yangu, wajukuu. Ninamjua. Akianza na magoti, kuna jambo.

"Mama, nimeamua. Ila nataka ridhaa yako."

"Sema."

"Jina libaki na ua. Na mti..." Kaweka kikombe chini. "Mti naomba niupe jina lako."

Mungu wangu.

Asiyefanya kazi hii hawezi kuelewa. Kwetu hujipi jina mwenyewe. Hakuna sheria inayokataza waziwazi, lakini ni sawa na mtu kujipigia makofi msibani. Unangoja mwenzako akukumbuke. Nimeandikia maelezo mimea kumi na saba. Kumi na mmoja nimeipa majina ya watu, miwili ya mito, mmoja wa mlima, miwili kwa sura yake, na mmoja ni wa mbwa wa msitu fulani aliyetufukuzia nyoka, hilo hawajui. Jumla kumi na saba. Mimi hakuna aliyenikumbuka. Si mmoja. Wale wenye ofisi walipeana majina wao kwa wao kama watu wanaotupiana mpira, na mimi pembeni nabandika.

Na sasa huyu mtoto, na macho yake yale yale ya rula, ananiambia: wewe.

"Ni mti mzuri, Mama. Mrefu. Na umestahili miaka mingi."

Nikamuuliza: na mwenzangu je?

"Baba tutamtaja kwenye shukrani. Kwa herufi kamili."

Kwenye shukrani! Pamoja na mpishi na mwenye duka la betri.

Lakini sikumfukuza. Niandike ukweli, humu hasomi mtu. Nimemmiminia chai ya pili. Nimemsindikiza hadi barabarani, tena nimembebea mfuko wake. Nimerudi jikoni, nimesimama mbele ya sinki, nimelitamka. Jina langu, na mkia wake wa Kilatini, wa kike. Linapendeza! Nimelitamka tena kwa sauti zaidi, kama mtu anayesoma orodha ya waliofaulu.

Halafu nimekaa kwenye kiti chake. Bado kilikuwa na joto la mtu mwingine.

Asiyekuwapo na lake halipo. Wahenga walisema vizuri, ila hawakusema kwamba anayelinyakua lake anaweza kuwa mkewe.

Ningekuwa nimepima vibaya, ningekubali. Lakini kumi na minne ni zaidi ya tisa. Tunda ni tunda. Maelezo yangu yanauelekea mti, yeyote ajuaye kusoma anaona, na Kipimo anajua kusoma. Swali linalonitafuna si ua wala jani. Ni hili: lile jibu lake alilipata kwenye karatasi, au alilipata alipokuwa anatafuta namna ya kunipa zawadi? Au alikuwa anatafuta mti wake, na zawadi ndiyo ya kunifunga mdomo? Yote matatu yanawezekana kwa mtu mmoja. Namjua. Ninajijua pia.

Alhamisi, 12 Juni

Saa tatu asubuhi nilikuwa kwenye korido lao, kwenye benchi lile la mbao nililokuwa nakalia nikingoja mshahara wa kutwa. Harufu haijabadilika: gundi, dawa ya wadudu, vumbi tamu la majani makuukuu. Wanasema mtu husahau harufu ya marehemu kwanza. Dereva nilikuwa naambiwa ananuka petroli. Mimi nilisikia hii.

Kipimo kaja na funguo mkononi na vijana watatu nyuma yake. "Mama! Si ungenipigia, ningetuma gari."

"Nimekuja kwa miguu yangu. Waambie hawa watangulie."

Wametangulia.

Nimemwambia: "Ile zawadi iondoe mezani kwanza."

"Mama, mimi nilitaka tu —"

"Najua ulichotaka. Iondoe. Jifanye mimi sipo, sikukufundisha, sijui chai unayokunywa ina sukari vijiko vingapi. Jifanye mwenye karatasi amekufa zamani. Una 1147 mbele yako na maelezo mistari ishirini na mitatu. Jina linabaki wapi?"

Kazungusha funguo. Kasema sheria inaruhusu njia zote mbili. Nimemwambia sheria naijua, ndiyo maana simuulizi sheria, namuuliza yeye. Kasema kitabu kimeshapangwa kurasa zote, kubadilisha sasa ni kugusa kurasa nne. Nimemwambia mimi kwa ajili ya kurasa nne nimewahi kurudi bondeni kwa siku mbili. Kasema, kwa sauti ndogo, kwamba alidhani ningefurahi. Kwamba tangu mwanafunzi aliweka nia: siku akipata mti wake wa kwanza, ungekuwa mimi.

Hapo nusura nilegee. Namna alivyolisema, hapakuwa na ujanja. Macho yalikuwa yamemjaa.

Kijana mmoja kachungulia: mkutano umeanza, Daktari, wanakungoja. Kamwashiria anakuja. Kapiga hatua moja, kageuka, kanishika mkono, wangu wenye makovu ya miba.

"Lakini Mama, sema kweli. Kwani wewe hulitaki?"

Koridoni mle, watu wanapita na makaratasi, wanasema "shikamoo" na "samahani", nami nimesimama nimebana midomo kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Nikautoa mkono wangu.

"Usinijibu swali kwa swali. Ua au jani? Neno moja. Sitaki 'Mama tuongee', sitaki ujumbe wa simu. Kesho Ijumaa, saa nne kamili asubuhi, kabla kitabu hakijaondoka, mlangoni kwako, kwa mdomo wako."